Jina la Washington si la akina Washington tena

Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina la ukoo Washington. Takriban asilimia 90 yao walikuwa Weusi. Hakuna jina jingine la kawaida nchini humo lililokaribia kiwango hicho. Na jina lenyewe ni la Kiingereza kabisa, limetoka kijiji cha kaskazini mwa Uingereza! Hata hivyo, ukisoma maelezo mengi ya asili yake utaletewa mabwana wa Durham, jumba la mawe, kasisi mmoja, kisha Jenerali George Washington, na hapo hadithi inakatwa. Kwa maoni yangu, inakatwa pale inapoanza kunoga.

Tuwape wazee wa mwanzo haki yao. Katika Boldon Book, daftari la mashamba lililoandikwa mwaka 1183 kwa ajili ya Askofu wa Durham, yumo William de Hertburn. Bwana huyu aliachia eneo la Hertburn akapewa Washington, kwa masharti ya kulipa kodi na kwenda na mbwa kwenye mawindo makuu ya askofu. Alipohama, jina nalo likahama: wa Hertburn akawa wa Washington. Kwa hiyo ukoo huu unaotajwa kwa taadhima zote ulianza na mtu aliyebadili jina kwa sababu amebadili shamba. Wanaohubiri kwamba jina la ukoo ni damu waanze kwa kulijibu daftari hilo.

Baadaye tawi moja likashuka Lancashire, kisha Northampton, ambako Lawrence Washington alitajirika kwa biashara ya sufu hata akawa meya. Mfalme Henry VIII alipokuwa akiuza mali alizozinyang'anya nyumba za watawa, Lawrence hakulala. Mwaka 1539 akanunua shamba la Sulgrave kwa zaidi ya pauni 300. Kitukuu wake, kasisi aliyeitwa Lawrence vilevile, hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1643, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Wapuritani, yaani Waprotestanti wakali waliompinga mfalme, walimwondoa katika parokia yake ya Purleigh, Essex, kwa madai ya ulevi. (Alikuwa upande wa mfalme, na nadhani hilo ndilo lililomponza zaidi ya pombe.) Mwanawe John akaingia baharini kutafuta riziki katika biashara ya tumbaku. Mwanzoni mwa 1657 meli yake, Sea Horse, ilikwama katika mto Potomac. Ilipokwamuliwa, John akabaki Virginia, akamwoa Anne Pope, na baba mkwe akawapa ekari 700. George, rais wa kwanza, ni kitukuu wa John huyo. Alizaliwa 1732, akafa 1799, na hakuacha mtoto wa kumzaa.

Sasa jina lilifikaje kwa Weusi? Watu hukimbilia jibu moja: watumwa walipachikwa jina la bwana wao. Kwa Washington jibu hilo halitoshi. Mwaka 1799 palikuwa na watumwa 317 Mount Vernon, shamba la George huko Virginia, na ni 123 tu waliokuwa mali ya George mwenyewe, ambao wosia wake uliwaacha huru. Miongoni mwao, mmoja tu alipewa uhuru papo hapo: William Lee, mtumishi wake wa karibu aliyekuwa naye vita nzima ya uhuru wa Marekani. Lee! Jina alilotoka nalo kwa mmiliki wa awali, akalishika mpaka mwisho, ingawa aliishi miongo mitatu katika kivuli cha mtu mashuhuri kuliko wote nchini.

Wengi waliopata kuitwa Washington walilitwaa jina wenyewe, na wala mababu zao hawakukanyaga Mount Vernon. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaorodhesha kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri aliyezaliwa utumwani, ameeleza katika wasifu wake wa 1901 kwamba siku ya kwanza shuleni, huko West Virginia, alisikia watoto wenzake wakiitwa kwa majina mawili naye ana moja tu. Mwalimu alipomfikia, mtoto akajibu kwa utulivu: Booker Washington. Hakuna bwana aliyempa.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Harry. Alizaliwa karibu na mto Gambia yapata 1740. George alimnunua mwaka 1763, akamweka kwenye kazi ya kukausha kinamasi cha Great Dismal Swamp, kisha Mount Vernon. Mwaka 1776 Harry alitoroka akajiunga na Waingereza, waliokuwa wameahidi uhuru kwa watumwa wa waasi. Waingereza waliposhindwa, walimsafirisha kutoka New York hadi Nova Scotia mwaka 1783, na katika orodha yao ameandikwa Harry Washington, umri miaka 43, aliyekuwa mali ya Jenerali Washington. Mwaka 1792 akavuka tena bahari pamoja na wenzake wapatao 1,200, wakaenda kujenga Freetown, Sierra Leone. Huko nako kampuni iliyotawala koloni ikawatoza kodi ya ardhi waliyoahidiwa bure. Mwaka 1800 walowezi wakaasi, Harry akiwamo, akahukumiwa na kuhamishiwa ng'ambo, pwani ya Bullom. Bwana wake aliwaasi Waingereza kwa sababu ya kodi, akafanywa rais. Yeye aliwaasi kwa sababu hiyohiyo, akafukuzwa mji.

Ndiyo maana biashara ya kuuza ngao za ukoo zenye fremu hunikera. Ngao ya akina Washington ni nyeupe, yenye pau mbili nyekundu na nyota tatu nyekundu juu yake. Tangu 1938 ndiyo bendera ya mji mkuu wa Marekani. Kisheria huko Uingereza, ngao hupewa mtu na wazao wake halali, haipewi kila mwenye jina. Hata Mzungu aitwaye Washington huenda babu yake alikuwa mkulima tu wa kijiji hichohicho, asiye na nyota wala pau. Anayemuuzia mteja ngao kwa kuangalia jina tu anamuibia, na anayeandika historia ya jina hili akaishia kwa Jenerali ameacha nje karibu watu tisa katika kila kumi wanaolibeba leo Marekani.

Kenya jina limekwenda njia nyingine kabisa: limekuwa jina la kwanza. Mnamo Aprili 1994, wasuluhishi mashuhuri wa kimataifa walipokwisha kukata tamaa na kuondoka Afrika Kusini, aliyebaki na kumshawishi Mangosuthu Buthelezi, kiongozi wa chama cha Inkatha, aingie kwenye uchaguzi alikuwa profesa Mkenya, Washington Okumu. Jina lake la ukoo lilikuwa Okumu.