Berlin wamekariri hata Ella alivyosahau

Nilipofika Ujerumani nilimwambia mwenzangu wa kazini kwamba napenda sana jazi. Akafurahi, kesho yake akaniazima santuri. Nikaiweka, nikasubiri gitaa. Zikaingia tarumbeta, zikaingia saksafoni, ikaingia piano, gitaa sikulisikia ng'o. Kwa mtoto wa Morogoro jazi ni bendi ya Morogoro Jazz: gitaa la solo, la rithim na la besi, tumba, saksafoni zikiitikia kwa nyuma, na Mbaraka Mwinshehe anaimba huku anakung'uta gitaa mwenyewe. Ilinichukua muda kukubali kuwa jina moja limebeba mizigo miwili. Leo naipenda yote.

Basi majira ya baridi yaliyopita nikaenda kwenye onyesho la kumuenzi Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani. Ukumbi wa mtaani tu, wala si jumba la kifahari. Tiketi euro 24, koti unakabidhi mlangoni. Jukwaani watu 17: saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, piano, gitaa, besi na dramu, ukiachilia mbali mwimbaji. Wakati wa mapumziko nikadodosa, kumbe wengi wao wana kazi zao: mwalimu, daktari wa meno, dereva wa treni. Muziki ni wa jioni, baada ya kazi. Na kila mmoja ana karatasi mbele yake, noti zake zimeandikwa mpaka pale pa kunyamaza.

Kwetu noti za dansi tulizijua nyingine, zile unazombandika mwimbaji kwenye paji la uso akikukuna.

Sasa kuna jambo lilitokea kipindi cha pili, na bado sijalimaliza kichwani. Februari 1960 Ella aliimba hapahapa Berlin, kwenye ukumbi wa Deutschlandhalle ambao siku hizi haupo tena, wameshaubomoa. Akaanza Mack the Knife, wimbo uliozaliwa katika mji huuhuu mwaka 1928. Katikati maneno yakamtoka. Mwingine angeomba radhi, bendi isimame. Yeye hakusimama. Akatunga ya kwake palepale, akawataja Bobby Darin na Louis Armstrong ambao nao waliurekodi, akajitania kwa kuuharibu wimbo wa watu, na mapigo hakuyaacha hata kidogo. Sahani ikatoka hivyohivyo na kosa lake, ikamletea tuzo ya Grammy.

Mwimbaji wetu wa usiku ule alipofika pale pale, naye "akasahau". Neno kwa neno. Wazee wa safu yangu midomo ilikuwa inacheza pamoja naye, kusahau kule wamekuhifadhi kama sala. Nilicheka na wenzangu, halafu kicheko kikanikwama. Jamani, hata kuteleza kwa mtu kumeandikwa, kunafanyiwa mazoezi! Utamu wa Ella siku ile ulikuwa kwamba yeye mwenyewe hakujua neno linalofuata litatoka wapi.

Na hakuna aliyecheza. Huu ni muziki uliolelewa Savoy Ballroom, ukumbi wa dansi wa Harlem, New York, Ella akiwa binti na bendi ya mpiga dramu Chick Webb, watu wakilowa jasho. Huku tumekaa kama tuko kwa hakimu. Mguu wangu ulikuwa unagonga sakafu, jirani akautazama. Hakunitazama mimi, aliutazama mguu.

Nyumbani mambo ni kinyume, ila msidhani nasifia tu. Likizo iliyopita nilialikwa kwenye hafla ya kumkumbuka mwimbaji mmoja wa zamani, jina lake naliacha. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu. Ikasomwa risala, ikakatwa keki, kijana akaimba juu ya CD. Mzee mmoja aliyewahi kupiga rithim kwenye bendi ya marehemu alikaa nyuma kabisa, kiti cha plastiki, soda moto mkononi. Hakuitwa. Mgeni rasmi alipoondoka ndipo mzee akaomba gitaa. Akapiga peke yake, kama dakika nne, na vijana wakatazamana: hawakuujua ule wimbo. Mpaka mwingine alipoingiza solo ndipo ukumbi mzima ukainuka, viti vikasogezwa, kina mama wakaja na noti zao. Nilikuwa nimeshaanza kurekodi kwa simu, jenereta likinguruma nyuma.

Watu wa kwetu hupenda kusema wazungu wanaenzi wasanii wao kwa sababu wana pesa. Siafiki. Karatasi na penseli bei gani? Wala si kwamba hatujui kurithishana bendi. Chick Webb alipofariki mwaka 1939, Ella aliishika bendi akiwa na miaka 22. Morogoro nako, Salum Abdallah alipofariki mwaka 1965, bendi yake ya Cuban Marimba ikaendelea na Juma Kilaza. Bendi tunarithi. Tunachokiacha kizikwe ni kazi ya yule wa pembeni: rithim, besi, saksafoni ya pili. Mbaraka alikwenda na bendi hadi Osaka, Japani, mwaka 1970 kuiwakilisha Tanzania, akafa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Rekodi zipo, sawa. Lakini kwenye rekodi ya zamani solo ndiyo inayopanda juu, rithim imefunikwa na tumba. Kijana anayejifunza kwa YouTube anaokota solo, kilichobaki anakisia, na akichoka kukisia analeta kinanda kifanye kazi ya watu watano.

Mimi nataka wazee wakalishwe na mtu anayejua kuandika muziki, kila mmoja atoe sehemu yake, na alipwe siku hiyohiyo. Tusingoje msiba ndipo tutafute bahasha.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini anapuliza tromboni. Jumapili moja nikampelekea ile video niliyorekodi kwenye hafla ya nyumbani. Akavaa spika za masikioni, akachukua penseli, akaandika mistari miwili, akafuta. Akarudia mwanzo. Akaandika tena, akafuta tena, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Mwishoni akaniuliza: "Moja yenu iko wapi?" Yaani lile pigo la kwanza, la kuanzia kuhesabu.

Nikamwambia isikilize. Akasema anaisikiliza, ila haioni, gitaa linaingia kabla yake au baada yake, halimkuti. Sikuwa na maneno ya kumweleza, si kwa Kijerumani wala kwa Kiswahili. Nikasimama, nikavua viatu kwa ajili ya zulia lake, nikacheza.

Akaanza kuhesabu kwa kutazama miguu.