Mstari wa Kijani Usiopima Kitu

Fomu nyingi za kujisajili mtandaoni huwa na mstari mdogo chini ya kisanduku cha nenosiri, ambao huanza ukiwa mwekundu na kugeuka kijani kadiri mtu anavyoongeza herufi kubwa, tarakimu na alama. Kwa maoni yangu, mstari huo, jinsi unavyotengenezwa mara nyingi, haupimi uimara wa nenosiri hata kidogo. Unapima utii wa mtumiaji. Andika Asha@1990 na fomu itakupongeza, ilhali jina la mtu likifuatiwa na alama na mwaka wa kuzaliwa ni katika mambo ya awali kabisa ambayo programu ya mdukuzi hujaribu. Andika "mbuzi wanne wamepanda daladala ya mwisho" na fomu hiyohiyo itakukatalia, eti hujaweka tarakimu.

Masharti haya yalienea kutokana na mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa na Bill Burr mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2017 Burr mwenyewe, akiwa amekwisha kustaafu, alikiri hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ilitoa mwongozo mpya ulioshauri kwamba watu wasilazimishwe kuchanganya aina za herufi wala kubadilisha nenosiri kila baada ya muda bila dalili ya kuvuja, na kwamba manenosiri marefu yakubaliwe, hadi herufi 64 angalau. Ni ajabu kwamba tovuti zinazojengwa leo bado zinanakili masharti ambayo mwandishi wake ameyakana.

Swali la kuuliza ni moja: mdukuzi atahitaji kubahatisha mara ngapi? Maktaba ya zxcvbn, yaani msimbo ulio tayari ambao watengenezaji wa tovuti huuchomeka kwenye fomu zao, iliyotolewa na kampuni ya Dropbox mwaka 2012, hujaribu kulijibu kwa kutafuta maneno ya kamusi, majina, tarehe na mfuatano wa vitufe, kisha hutoa alama kuanzia 0 hadi 4, na haihadaiki na P@ssw0rd. Hata hivyo kamusi zake za kawaida zimejaa maneno ya Kiingereza na majina ya Kimarekani, kwa hiyo sentensi kama "Mungu ni mwema", ambayo mtu yeyote wa kwetu angeibahatisha mapema, inaweza kupewa alama isiyoistahili. Dawa yake ipo, kwa kuwa maktaba hiyo humruhusu mtengenezaji kuongeza orodha yake mwenyewe: aweke maneno ya Kiswahili yaliyozoeleka, Simba na Yanga, Gor Mahia, jina la tovuti, na jina na baruapepe ya mtumiaji anayejisajili. Sijaona sababu ya msingi ya kuiacha kazi hiyo, ambayo haimalizi hata siku nzima.

Kisha yapo manenosiri yaliyokwisha kuvuja. Kampuni ya mtandaoni ya RockYou ilipodukuliwa mwaka 2009, zaidi ya manenosiri milioni 32 yalikutwa yamehifadhiwa wazi, na lililoongoza lilikuwa 123456. Huduma ya Have I Been Pwned, inayokusanya data zilizovuja, huwezesha fomu kuuliza kama nenosiri limo katika orodha za namna hiyo kwa kutuma herufi 5 za mwanzo tu za alama yake ya SHA-1, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na nenosiri, hivyo nenosiri lenyewe halitoki. Ukaguzi huu urudiwe kwenye seva, kwa sababu ule wa kivinjari peke yake hukwepwa na yeyote anayetuma ombi moja kwa moja bila kupitia fomu.

Fomu inapokataa nenosiri, itaje sababu: "Nenosiri hili limo katika orodha zilizovuja, tafadhali chagua jingine" humwelekeza mtu, lakini "nenosiri dhaifu" humfanya aongeze alama ya mshangao mwishoni na kuendelea. Na wanaozuia kubandika nenosiri kwenye kisanduku waache, maana wanawaadhibu wale wanaotumia programu za kutunza manenosiri, ambao ndio wenye manenosiri marefu kuliko wote.