Gari la Mzee na Fundi Anayejikagua Mwenyewe

Watanzania tulioko Uingereza tuna ugonjwa mmoja. Tukirudi nyumbani likizo, gari la familia likigoma kuwaka asubuhi moja tu, hotuba inaanza: mafundi wa Bongo matapeli, hawana vipimo, wanabahatisha, "kule kwetu" mambo si hivi. Kule kwetu! Mtu kazaliwa Muheza. Hotuba hiyo nimeisikia misibani, nimeisikia harusini, naisikia kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Coventry, na kila nikiisikia najiuliza kama mwenzangu huyu amewahi kweli kulea gari kuukuu katika nchi zote mbili. Mimi nalea mawili. Moja la viti saba, la mwaka 2008, ndilo linalotupeleka kazini, shuleni na sokoni. Jingine ni gari dogo la Kijapani la mwaka 2001, liko Tanga kwa wazazi, na linakula mshahara wangu kwa njia ya simu.

Nianze na fundi, maana ndiye anayetukanwa.

Likizo iliyopita taa ya betri iliwaka tukiwa njiani kutoka Pangani. Shemeji akampigia fundi umeme wake. Kijana akaja na bodaboda, mfuko mmoja wa spana, akashusha alteneta, ile mashine inayochaji betri, na kuifungua hapo hapo juu ya kiroba kilichotandikwa kwenye kivuli. Kipimo chake kilikuwa balbu ya indiketa iliyofungwa waya mbili. Akanionyesha brashi zilivyolika hadi kubaki kipande kama ukucha, akasikiliza beringi kwa kuizungusha karibu na sikio, akasema hii nayo inalia, tuibadilishe tukiwa ndani. Kabla ya magharibi gari linachaji. Bei yake yote, spea na ufundi, isingenitoa Coventry hadi London kwa treni.

Hapa Uingereza alteneta ikifa haifunguliwi. Inatolewa nzima, inawekwa nyingine nzima, na unalipia saa za kazi, ambazo gereji nyingi za mtaani zinatoza kati ya pauni 60 na 100 kwa saa moja. Wanaofungua na kubadilisha brashi wapo, lakini ni wa kutafuta kwa tochi. Na hawa wengine si wajinga, wala si kwamba hawana ufundi. Ni hesabu tu. Huku mkono wa mtu ni ghali na kitu ni rahisi. Nyumbani kitu ni ghali na mkono wa mtu ni rahisi. Ndiyo maana fundi wa Tanga anachonga bushi (zile pete laini za viungo vya chini ya gari), anaziba rejeta, anachomelea egzosi mara ya tatu, na fundi wa Coventry anafungua katalogi.

Kwa hesabu hiyo hiyo, magari ya huku hufa yakiwa bado na nguvu. Majira ya baridi halmashauri humwaga chumvi barabarani kuzuia barafu, na ile chumvi inapanda chini ya gari na kula chuma kimya kimya: kingo za chini ya milango, mabomba ya breki, vikombe vya springi. Injini nzima, gia boksi tamu, lakini gereji ikikuandikia bili ya kuchomelea inayozidi bei ya gari lenyewe, unakabidhi funguo kwa watu wa skrepa. Nimeona magari yakipandishwa kwenye winchi kwenda kusagwa ambayo kwa mikono ya Tanga yangesomesha watoto mpaka kidato cha sita. (Tanga nako si salama, upepo wa bahari una chumvi yake. Lakini wachomeleaji wapo kila kona.)

Kwa hiyo mtu akiniambia Uingereza wanajua kutunza magari kutuzidi, namwambia hapana. Wanachotuzidi ni kukagua. Watu wanachanganya mambo haya mawili, na mchanganyiko huo ndio unaotufanya tuwatukane mafundi kwa kosa lisilo lao.

Gari la Uingereza likishatimiza miaka mitatu, kila mwaka lazima lipite kipimo kinachoitwa MOT. Bei ya juu kabisa kwa gari la kawaida ni pauni 54.85, hawaruhusiwi kutoza zaidi. Mkaguzi anapima breki kwenye roli, anatikisa tairi kusikia boljointi, kile kiungo kinachoshika gurudumu, anamulika bushi, anapima moshi, anaangalia kama mkanda wa kiti unafunga. Kashata za tairi, yale meno ya kushika barabara, zikishuka chini ya milimita 1.6 umefeli. Taa ya injini ikiwa inawaka umefeli. Tangu Mei 2018 kasoro zimepangwa kwa ukali: ya hatari, ambayo gari haliruhusiwi kutembea mpaka litengenezwe, kubwa, ambayo umefeli, na ndogo, ambayo unapita lakini unaandikiwa. Halafu kuna maneno ya pembeni, ya ushauri: hiki hakijafa, ila kinaelekea.

Hayo maneno ya pembeni ndiyo ninayoyapenda. Gari langu liliwahi kuandikiwa kwamba bushi ya mkono wa mbele kulia imeanza kupasuka. Hakuna aliyenilazimisha kutengeneza siku ile. Nikawa na miezi ya kutafuta spea ya bei nafuu na kupanga hela, badala ya kushtukizwa barabara kuu na watoto nyuma. Na yote yanabaki kwenye intaneti: ukiingiza namba ya gari lolote, bila kulipa hata senti, unaona lilifeli lini, kwa nini, na lilikuwa na maili ngapi. Muuzaji hawezi kukwambia lilikuwa la bibi mmoja wa kwenda kanisani tu.

Jambo jingine ambalo wageni wengi hapa hawalijui: gereji nyingi zinazokagua ndizo hizo hizo zinazotengeneza, na hapo kishawishi kipo, Mzungu naye ana njaa. Jamaa yangu aliambiwa na gereji moja kwamba diski zake za breki zimekwisha, hazifai kabisa. Akalipeleka kwenye kituo cha halmashauri. Vituo hivyo vilijengwa kwa ajili ya magari ya halmashauri yenyewe, mabasi ya shule na malori ya taka, lakini sheria inawataka wafungue mlango kwa raia, na gari la raia kwa kawaida hawalitengenezi. Hawana spea ya kukuuzia. Diski zikapita bila neno. Mkaguzi asiye na faida katika ugonjwa wako anakwambia ugonjwa wako ulivyo.

Sasa twende Tanga.

Gari la mzee lilianza kuchemsha kwenye kile kilima cha kuingia Korogwe. Fundi wa kwanza akatoa themostati, akaitupa, akasema nchi ya joto haihitaji kitu hicho. Wasomaji wengi hapa mnamjua fundi huyo, kila mji unaye. Themostati ni vali inayobaki imefungwa mpaka maji ya injini yafike joto lake la kazi, mara nyingi kati ya digrii 80 na 90, ndipo inafunguka yaende rejeta. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto hata Tanga, kompyuta inadhani bado ni baridi na kuendelea kuongeza petroli. Mzee akaanza kulalamika kwamba gari linakunywa. Fundi mwingine akaitwa kwa kesi ya mafuta, akabadilisha plagi na kusafisha nozeli. Lilipochemsha tena, mwingine akamwaga kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) iliyobaki, akajaza maji ya bomba. Maji matupu yanachemka mapema na yanazaa kutu humo ndani. Kutu ikapanda rejeta, rejeta ikabadilishwa. Kisha gasketi ya silinda hedi ikaungua, hedi ikapelekwa kuchongwa. Kila hatua nilipigiwa simu, na kila hatua nilituma hela, na kila fundi alikuwa anasema kweli kuhusu alichokiona siku hiyo.

Chanzo kilikuja kuonekana: kifuniko cha rejeta. Springi yake imelegea. Kile kifuniko kinabana presha ili maji yapite digrii 100 bila kuchemka. Kikilegea, maji yanatoka kidogo kidogo bila kuacha hata tone chini ya gari. Kitu cha bei ya sahani ya biriani.

Wenzangu wa kule kwetu wangesema: umeona? Matapeli. Mimi sioni utapeli hapo hata mmoja. Naona mafundi ambao kila mmoja alianza upya kwa sababu hakukuwa na karatasi. Waliofuata hawakujua kwamba themostati haipo. Mzee mwenyewe hakujua. Na kila mmoja alikuwa daktari, muuza dawa na mtoa cheti cha kupona kwa wakati mmoja, gari likitoka kwake ni yeye huyo huyo anayesema limepona.

Trafiki? Trafiki barabarani anaona leseni, bima, taa, waipa, kizima moto, pembetatu, tairi kipara. Akikukamata ni faini yako ya 30,000, unalipa, unaondoka. Boljointi hawezi kuiona kutoka dirishani, na simlaumu. Stika ya wiki ya Nenda kwa Usalama nayo ni jambo jema, lakini stika haikuachii maneno ya pembeni ya kusoma miezi sita baadaye.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gari lile lilifika kwetu na kumbukumbu zake. Japani wana ukaguzi wao wa lazima, shaken, mkali na ghali, kila baada ya miaka miwili gari likishapita miaka yake mitatu ya mwanzo. Ndani ya boneti kulikuwa na kijikaratasi cha maandishi ya Kijapani ambacho hakuna aliyekisoma, mpaka binti yangu alipokipiga picha kwa simu ikakitafsiri: mkanda wa taiming umebadilishwa, kilomita kadhaa, mwaka H19. Huo ni mwaka wa enzi ya Heisei, yaani 2007. Sisi tulikuwa tumebadilisha mkanda ule ule mara tu gari lilipotoka bandarini, kwa sababu fundi alisema "hawa Wajapani huwezi jua". Ungeweza kujua, mbona. Ilikuwa imeandikwa.

Je, nataka Tanzania ilete MOT kesho asubuhi? Hapana, na nitawaudhi wenzangu hapa. Ukaguzi mkali wa lazima ukija bila maandalizi, gari la kwanza kuegeshwa ni la mstaafu kama baba yangu, siyo la mwenye uwezo. Na penye muhuri wa lazima na foleni ndefu, chai itaagizwa tu. Miaka ya mwanzo tungepata karatasi safi na magari mabovu.

Lakini sisi tunaotuma hela hatuhitaji kusubiri Bunge. Hela ikishatoka kwetu, tuna haki ya kuuliza swali zaidi ya "shilingi ngapi". Familia yetu sasa ina daftari kwenye dashibodi, daftari la shule la kawaida. Fundi yeyote akigusa gari, anaandika tarehe, kilomita, alichotoa na alichoweka, na kile alichotoa kinapigwa picha kabla hakijatupwa. Na kila mwaka kabla ya masika, analipwa fundi mmoja kutoka upande mwingine wa mji aje aangalie tu. Haruhusiwi kutengeneza. Hauzi spea. Anapewa posho yake, anapiga jeki, anatikisa, anaandika, anaondoka.

Vita haikuwa ndogo. Mzee alinipigia mwenyewe, baada ya shikamoo na habari za watoto akaingia moja kwa moja: "Mwanangu, fundi Mbwana ananitengenezea gari tangu hujaoa. Leo nimletee mtu wa kumkagua, nimtazame vipi msikitini?" Nikamwambia, baba, mwambie sharti ni la mtoto aliyeko Ulaya, nibebe mimi lawama. Akacheka, akasema basi, lakini hiyo posho utaituma wewe. Fundi Mbwana alinuna kweli. Kwa mwezi mzima kila jambo lilikuwa "muulizeni mkaguzi wenu". Shemeji ndiye aliyelimaliza, kwa kumwonyesha kwamba mkaguzi ameandika breki za nyuma "zimefungwa vizuri", na aliyezifunga ni yeye Mbwana.

Ukaguzi wa mwaka huu umeingia wiki hii, picha za kurasa mbili, mwandiko mbaya. Boljointi ya kulia: sasa hivi. Ya kushoto: isubiri hadi Desemba. Hozi ya breki mbele: ina nyufa, ibadilishwe pamoja na ya kulia mkiwa mmefungua. Themostati: ipo. Shemeji ameulizia bei kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, mwenye duka anadai zake ni orijino, nimemwomba apige picha boksi na maandishi ya kwenye chuma chenyewe kabla hela haijatoka. Zikikubalika, zinapanda basi la jioni kwenda Tanga, na Mbwana ndiye atakayezifunga.