MR2 ya kizamani Unguja: isubiri spea zake au itiwe injini ya Harrier?

Ikitajwa Toyota MR2 mbele ya vijana wa magari Unguja, baraza hugawika hapo hapo. Wapo wanaosema gari ile ni ya kuhifadhiwa: irudi kama ilivyotoka kiwandani, na kama kifaa hakipo, isubiri mpaka kipatikane. Wapo wanaosema gari ni ya kutembea, kwa hiyo kisichopatikana kitiwe cha gari nyengine, na mwenye uwezo aiongezee na nguvu. Mimi naona wote wanabishania injini, na katika gari hii injini ndiyo yenye dawa nyingi kuliko vitu vyengine.

Ninayoizungumzia ni ile ya SW20, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1999. Ina viti viwili, na injini imekaa nyuma ya mgongo wa dereva. Zilizouzwa Japani zilikuwa na injini za ukoo wa 3S za lita mbili: 3S-GE isiyo na turbo, na 3S-GTE yenye turbo, iliyoanza na nguvu za farasi 225 ikaja kufika 245 baada ya mabadiliko ya mwishoni mwa 1993. Ukoo huo si mgeni kwetu. 3S-FE, ndugu yao mpole, ndiyo iliyokuwa ndani ya Carina, Caldina, Ipsum na RAV4 za mwanzo, gari ambazo mafundi wa Mwanakwerekwe wameshazifungua mpaka wamezichoka. Udugu huo una mpaka wake, lakini. Hedi ya GE imetokana na kazi ya Yamaha na si ya FE, kwa hiyo anayedhani atachukua kila kitu kwenye Ipsum iliyolala atarudi mikono mitupu.

Wanaotaka kusubiri wasionekane wajinga. Marekani inaruhusu gari ya nje kuingia bila kufuata masharti yake ya kawaida ya usalama ikishatimiza miaka 25, na ruhusa hiyo imezipandisha thamani gari za Japani za miaka ya tisini. Watengenezaji nao wameliona soko. Nissan ilianza mwishoni mwa 2017 kutoa upya vifaa vya Skyline GT-R ya R32, na Toyota ikafuata 2020 kwa kuanzia na Supra na 2000GT. Kwa hiyo kifaa kilichokosekana jana si lazima kikosekane milele, na MR2 iliyokatwakatwa leo hairudi kuwa nzima kwa urahisi.

Shida ni kwamba hoja hiyo imetoka kwenye nchi zenye gereji kavu. Huku kwetu gari inayosubiri inaliwa. Hewa ya chumvi haikwambii kaskazi wala kusi, mwaka mzima ipo, na unyevu wa masika unamalizia kazi. Vituo vya waya vinaota ukijani, matao ya magurudumu yanatoboka kutokea ndani, na siku mwenye gari anapopata gasketi aliyoisubiri, sakafu ya kuikalia haipo.

Tazama mfumo wa maji. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na katikati maji yanapita kwenye mabomba marefu ya chuma chini ya gari. Chumvi inayala kwa nje. Mwenye gari anayejaza maji ya kisima, na visima vyetu vya mawe ya matumbawe vina chokaa si haba, anayaharibu kwa ndani. Bomba likitoboka maji yanashuka, injini inachemka, hedi inapinda, halafu lawama anapewa Mjapani. Tena mfumo mrefu hivyo unabakisha hewa. Fundi aliyezoea Corolla anajaza rejeta, anafunga kifuniko, anaona amemaliza, wakati hewa inatakiwa itolewe kwenye sehemu zake maalumu mbele na nyuma.

Mabomba hayo kuyatafuta ya asili, ambayo nayo yatashika kutu, sioni maana yake. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuyatengeneza kwa stenlesi kwa kufuata mikunjo ya yale ya zamani. Na tuko kisiwani: mafundi wa boti wanakijua chuma kisichoshika kutu, na mipira inayovumilia joto na chumvi wanaijua pia, kuliko gereji nyingi za gari. Ajabu watu wa magari hawapiti kwao. Kitu kama hiki kinaiondoa gari kwenye asili yake, na bado naamini hata mhafidhina mkali angekikubali.

Sasa Harrier. Wahafidhina wakisikia MR2 imetiwa 5S-FE, ile ya lita 2.2 iliyokuwemo kwenye Harrier za mwanzo, wanaona ni kufuru. Ila Toyota wenyewe ndio walioitia: MR2 isiyo na turbo iliyouzwa Marekani ilitoka kiwandani na 5S-FE. Haina mbio, nguvu zake hazifiki za 3S-GE, lakini spea zake ukizikosa Mjini unapanda boti asubuhi na kuzitafuta Kariakoo. Mtu ambaye 3S-GTE yake imekufa kabisa, na kazi yake ni kutoka Bububu kwenda Paje siku ya mapumziko, simuoni ana kosa.

V6 ya lita tatu, 1MZ-FE ya Harrier hiyo hiyo, ni habari nyengine. Kwengineko duniani wengi wameitia kwenye MR2 na inaingia. Ila waya zinataka mtu anayezisoma, maunti, yaani vishikio vya injini, zinataka kuchongwa, na safu moja ya plagi inageukia ukuta wa nyuma ya viti, kwa hiyo kazi ndogo inakuwa kubwa. Juu ya hayo ni nguvu za farasi 220 katika kisiwa cha kama kilomita 85 kutoka ncha hadi ncha, chenye matuta kila kijiji. Zitatumika wapi?

Na ziko hatari wasizozitaja wapenda nguvu. MR2 za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kukugeukia mkia ghafla ukiachia mafuta katikati ya kona. Toyota walibadilisha mfumo wa springi na shokapu kwa toleo la 1992, wakaongeza ukubwa wa breki na kuhama kutoka ringi za inchi 14 hadi 15. Mwenye ya zamani aanzie hapo, achukue vifaa vya zile zilizotoka baadaye. Matairi ya nyuma yanakuwa 225/50 R15, saizi wanayoitumia wachache, kwa hiyo aagize kabla hayajaisha, asiende akafunga matairi manne sawa kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo dukani.

Kontroboksi, visanduku vya umeme vinavyoiongoza injini, nazo zina umri. Kapasita za ndani zinavuja na kula bodi, gari inaanza kukatakata bila sababu. Wengine wanakimbilia kununua mpya ya kupangwa kwa kompyuta. Fundi wa simu wa Darajani mwenye mkono mzuri anabadilisha kapasita kwa pesa ndogo, na gari inabaki inaeleweka kwa fundi yeyote. Ya kompyuta anaielewa aliyeipanga tu. Akihamia Bara, umebaki na mzigo.

Kisichoweza kutengenezwa kisiwani ni vioo, taa za nyuma na mipira ya paa la vipande viwili. Mpira ukikakamaa, mvua inaingia kwenye zulia na sakafu inaoza kimya kimya. Pesa ya turbo kubwa ningeipeleka huko kwanza, hata kama itabidi kununua gari ya pili iliyokwisha ili ikatwe.

Kwa hiyo katika ugomvi wa injini niko na wanaotaka gari itembee, kwa sharti moja. Injini ya asili ibaki bandani imepakwa mafuta, pamoja na kontroboksi yake, na waya zake zitolewe nzima. Anayezikata ili aungie za Harrier, simo upande wake.