Ukimya wa Jef Costello: Hisia au Pozi Tu?

Filamu ya Kifaransa Le Samouraï, iliyoongozwa na Jean-Pierre Melville mwaka 1967, inakwenda karibu dakika kumi kabla mtu hajatamka neno. Tunaona chumba cha kijivu, mwanamume kalala kitandani anavuta sigara, na ndege mdogo analialia tunduni. Mwanamume huyo ni Jef Costello, muuaji wa kukodiwa jijini Paris, akiigizwa na Alain Delon. Wapo wanaosema kuna huzuni nyingi katika ukimya huo. Wengine wanasema tumeuziwa sura nzuri na koti la mvua, hisia tukazijaza wenyewe.

Hoja hii ya pili si ya kupuuza. Uso wa Delon haubadiliki, iwe anaua au anaagana na mpenzi wake, na uso wa namna hiyo humruhusu kila mtazamaji kuona anachokitaka. Tena waigaji wamekuwa wengi mno. Tumeletewa majambazi mabubu chungu nzima ambao ukimya wao hauna kitu nyuma yake.

Ila Melville hakuutegemea uso peke yake. Tazama mikono. Jef anaingia kwenye Citroën ya watu, anaweka rundo la funguo kwenye kiti cha pembeni, anajaribu mmoja baada ya mwingine huku macho yakiwa mbele. Gari linawaka, analipeleka gereji. Fundi anabadilisha pleti namba na kumpa karatasi za gari. Jef ananyoosha mkono, anapewa bastola, analipa. Hata salamu hakuna. Baadaye, akiwa na jeraha la risasi, anawindwa na polisi na pia na waliomtuma, anarudia yote hayo: gari, funguo, gereji. Safari hii fundi anafungua kinywa na kumwambia kwamba hii ni mara ya mwisho. Jef anaitikia tu kwamba sawa. Maneno hayo machache yanachoma kuliko hotuba, kwa kuwa tulishazoea kwamba pale hapasemwi kitu. Hisia hiyo sikuiongeza mimi. Mwongozaji aliiandaa tangu mara ya kwanza.

Halafu kuna yule ndege. Polisi wanapachika kinasa sauti chumbani kwa Jef. Akirudi, anamkuta ndege anahangaika tunduni, na papo hapo anajua kuna mtu aliingia. Katika jiji zima, kiumbe anayemtonya ni huyo mmoja. Sisi tuliozoea vibanda vya video, ambako sauti ya DJ hutafsiri na kuziba kila pengo, tunaweza kuona kama kitu kimepungua hapa. Naipenda sanaa ile, lakini kwenye tukio hili ingetunyang'anya raha ya kugundua wenyewe.

Mwisho wa filamu (asiyeiona aruke aya hii) Jef anaingia klabu ya usiku, anaacha kofia yake mapokezi, na tiketi ya kuichukulia anaiacha palepale kaunta. Anamwelekezea bastola Valérie, mpiga piano ambaye amelipwa kumuua, na polisi wanammiminia Jef risasi. Askari mmoja anamwambia Valérie kwamba bila wao angekuwa maiti. Inspekta anaifungua bastola ya Jef: haina risasi hata moja. Alimwokoa mwanamke yule, au alichoka tu kuishi? Filamu haijibu, na kwa maoni yangu ina haki ya kutojibu, maana ile tiketi ilishatuambia alichokuja kufanya.

Pale ninapoungana na wakosoaji ni kwa Jane, mpenzi wa Jef, anayeigizwa na Nathalie Delon. Amewadanganya polisi ili kumtetea. Inspekta anamfuata nyumbani, anamtisha kwa maneno mengi yaliyojaa adabu, naye anakataa kumsaliti Jef. Ni tukio lenye maongezi tele na lina uzito kamili, jambo linaloonyesha kwamba Melville alijua pia kuandika mazungumzo yenye hisia. Lakini Jef anapokuja kumuaga, ukimya unamhifadhia yeye heshima na kumwacha Jane bila chochote. Mwanamke aliyejitoa kiasi kile alistahili kuulizwa anajisikiaje, na ningependa Melville angebaki naye japo dakika tano baada ya mlango kufungwa.