Kabla ya Kuuza Kibanja, Uliza Mtoto Atalipa Karo Kama Nani

Wazazi wa hapa Kampala wanaotaka watoto wao wakasomee unesi ng'ambo huwa wamejiandaa kwa mengi. Alama za UACE, mtihani wa kumaliza kidato cha sita, wanazo kichwani. Mtihani wa Kiingereza wanajua unafanyiwa wapi, na nauli ya ndege kutoka Entebbe wameshaiulizia. Swali zito kuliko yote ndilo wasilouliza: mtoto huyu atahesabiwa mwenyeji wa nchi ile au mgeni? Mimi ni muuguzi, watu huniletea makaratasi yao niwasomee, na nimeona kwamba jibu la swali hilo ndilo linalomaliza mali ya ukoo au kuisalimisha.

Chukua England, ambako wengi wetu ndiko tunakotupia macho. Mwanafunzi mwenyeji, kwa mwaka wa masomo wa 2025/26, hatozwi zaidi ya pauni 9,535 kwa mwaka, na hata hizo anaweza kukopeshwa na serikali. Mgeni hana kikomo kinachomlinda. Chuo kinampangia chenyewe, na kwa uuguzi mara nyingi ni pauni 15,000 hadi zaidi ya 20,000 kwa mwaka. Pauni moja ni zaidi ya shilingi 4,500 zetu. Kozi ni ya miaka 3. Hata ukishika ile bei ya chini, umeshapita milioni 200 kabla mtoto hajala wala hajalala.

Sasa, nani ni mwenyeji? Kwa walio wengi sheria inadai mambo mawili. Siku kozi inapoanza uwe na haki ya kuishi kule bila ukomo, na uwe umeishi kule kwa kawaida muda wa miaka 3 kabla ya siku hiyo. Halafu kuna kipengele ambacho mawakala wanaotafutia watoto nafasi za vyuo wanakiruka: miaka uliyokaa kwa ajili ya masomo hasa, haihesabiki. Mtu aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi na kubaki nayo ataanza kozi kama mgeni na kuimaliza kama mgeni. Shangazi aliyeko Leeds anaweza kukupa chumba na chakula, na huo ni msaada mkubwa, lakini ukaazi wake ni wake. Hauambukizi mpwa.

Mama mmoja alikuja kwangu na faili la plastiki. Juu kabisa palikuwa na barua ya chuo, chini yake risiti ya malipo ya awali, na chini kabisa mkataba wa kuuza kibanja huko Mukono, wenye muhuri wa LC1, yaani uongozi wa kijiji, na sahihi za mashahidi. Aliniambia kwa uhakika, "Sista, wakala amesema mwaka wa kwanza ndio mgumu. Akishakaa mwaka mmoja anakuwa mkaazi, karo inashuka." Nikamwonyesha kwenye barua ileile mahali ambapo binti yake ameandikwa kuwa mwanafunzi wa ng'ambo, na mstari unaofuata unaosema karo inaweza kupandishwa kila mwaka. Hakulia. Aliuliza tu kama risiti ile inaweza kurudishiwa pesa. Tukageuza ukurasa wa nyuma, maandishi madogo, tukakuta kwamba chuo hurudisha malipo ya awali pale viza inapokataliwa, tena kwa masharti. Viza ya binti yake ilikuwa imeshatoka.

Sina nia ya kumshtaki kila wakala, wapo waaminifu. Lakini anayemwambia mzazi kwamba karo itashuka baada ya mwaka, wakati kanuni iko wazi na kazi yake ni kuijua, anamwibia. Sioni neno jingine la kutumia. Dawa yake haigharimu kitu: mzazi aandike barua pepe chuoni moja kwa moja, aulize mtoto amewekwa kundi gani la karo na kwa sababu ipi, na jibu lije kwa maandishi kabla ya kutuma hata pauni moja. Vyuo vya kule vina utaratibu wa kupima jambo hilo, na mwombaji anayeamini amewekwa kundi lisilo lake anaweza kutoa vielelezo ili watazame upya.

Karo yenyewe ni mwanzo tu. Ili viza itoke, pesa za karo ya mwaka wa kwanza pamoja na za kujikimu kwa miezi hadi 9 zionekane benki siku 28 mfululizo. Mchango wa matibabu ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na unalipwa wote mapema. Kazi ya pembeni haizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Wenye ndoto ya kujilipia karo kwa vibarua, saa hizo hazitoshi.

Linaloniuma zaidi ni hili. Ili asajiliwe kuwa muuguzi kule, mwanafunzi lazima atimize saa 4,600 za mafunzo, na nusu yake, saa 2,300, ni za vitendo. Anaingia zamu ya usiku, anageuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, anapima presha, anasafisha, anashika mkono wa mzee anayekata roho. Halipwi mshahara kwa saa hizo. Mwenzake mwenyeji naye halipwi, lakini tangu Septemba 2020 anaweza kupata ruzuku ya pauni 5,000 kwa mwaka isiyorudishwa. Mtoto wetu, kwenye wodi ileile na zamu ileile, analipa karo mara moja na nusu, hata mara mbili au zaidi, na ruzuku hiyo haimhusu. Naelewa kwamba serikali husaidia kwanza watu wake. Bado naona si haki kwamba nchi inayolia haina wauguzi inamtoza hivyo anayejifunza huku akiwahudumia wagonjwa wake.

Canada na Marekani mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. Canada programu kadhaa za uuguzi zinawapokea raia na wakaazi wa kudumu tu, kwa hiyo mgeni hafiki hata kwenye suala la bei. Marekani vyuo vya umma vina karo ya wakaazi wa jimbo na karo ya wengine, na kwa kawaida viza ya mwanafunzi haikufanyi mkaazi wa jimbo.

Ndugu zetu wakimbizi Wakongomani, wa makazi ya Nakivale na Kyangwali na wa hapa mjini, wasome hapa kwa makini. Ukimbizi uliotambuliwa na Uganda hauna nguvu kwenye ofisi ya karo ya London. Lakini anayehamishiwa Canada rasmi kama mkimbizi anaingia akiwa mkaazi wa kudumu, na hiyo inamweka upande wa wenyeji. Kama jina lako liko kwenye safari ya namna hiyo, usikimbilie viza ya mwanafunzi ya kujilipia. Na kwa anayebaki, kuna ufadhili wa DAFI kupitia UNHCR unaosomesha wakimbizi kwenye vyuo vikuu vya Uganda.

Ujerumani ni habari tofauti kabisa. Mafunzo ya uuguzi ya miaka 3 hayana karo ya shule tangu sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2020, na mwanafunzi analipwa posho ya mwezi, mara nyingi zaidi ya euro 1,000, awe Mjerumani au Mganda. Mlango wake ni lugha: Kijerumani cha kiwango cha kati, kiitwacho B1 au B2, kazi ya miezi mingi ya kukariri na kuongea. Hapa Kampala kinafundishwa. Anayekuuzia nafasi ya Ujerumani kwa mamilioni bila kukuuliza hata neno moja la Kijerumani, achana naye.

Ushauri wangu kwa walio wengi ni kusomea hapa. Makerere inatoa shahada ya uuguzi tangu mwaka 1993, na vyuo vya uuguzi vya Mulago, Mengo, Nsambya na Lacor vimekuwa vikitoa wauguzi hodari miaka mingi. Bodi ya mikopo ya serikali hukopesha Waganda wanaosoma sayansi za afya humu nchini. Wa ng'ambo haiwagusi. Najua ajira ni finyu na mishahara ya hospitali nyingi za binafsi inakatisha tamaa, siwezi kumwambia kijana asiondoke. Ila aondoke akiwa muuguzi tayari, amesajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga. Uganda imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba wa wahudumu wa afya, kwa hiyo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kutuvuna kwa matangazo. Muuguzi anayeomba kazi mwenyewe hazuiwi. Atafanya mtihani wa Kiingereza, wa nadharia na wa vitendo, alipe usajili, na gharama hizo zote kwa pamoja hazifiki hata robo ya karo ya mwaka mmoja ya mwanafunzi mgeni.