Mpelelezi wa miaka 60 bado ana kazi

Tangu Desemba 2017, Bunge la Uganda lilipoondoa kikomo cha miaka 75 kwa wagombea urais, pendekezo lolote la kuwaongezea umri watumishi wa dola hupokewa kwa shaka kabla halijasikilizwa. Hali ni hiyo hiyo kwa hoja ya kuwarudisha maafisa wa polisi waliostaafu ili wafanye kazi maalumu kwa mkataba hadi umri wa miaka 65.

Wapinzani wana hoja za kweli. Mtumishi wa umma hustaafu rasmi akiwa na miaka 60, na vijana wanaohitimu katika chuo cha polisi cha Kabalye, kule Masindi, wana haki ya kutarajia vyeo. Mkataba nao unaweza kugeuka zawadi kwa wanaojua kujipendekeza kwa wakubwa. Wala hakuna mwenye akili timamu anayemtaka afande wa miaka 63 akimbizane na vibaka mtaani Kisenyi, Kampala.

Lakini kazi inayozungumziwa si hiyo. Anayesoma alama za vidole, anayelinganisha risasi na bunduki iliyoifyatua, na mpelelezi anayejua kulijenga jalada la mauaji hawategemei kasi ya miguu. Ujuzi wao hujengeka kwa miaka mingi kando ya mtu aliyewatangulia, na pengo lao huonekana mahakamani. Ibara ya 23 ya Katiba inasema kwamba mshtakiwa wa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, akikaa rumande siku 180 kabla kesi yake haijapelekwa huko, anastahili kuachiwa kwa dhamana; kwa makosa mengine ni siku 60. Kinga hiyo ni nzuri na haifai kuguswa. Hata hivyo, jalada likibadilisha mikono katikati ya upelelezi, mpelelezi mpya hulisoma upya, huwatafuta mashahidi upya, na siku zinaendelea kuhesabiwa. Jamaa za marehemu humwona mtuhumiwa amerudi mtaani na kusema polisi wamehongwa, kumbe mara nyingine ni uchache tu wa wajuzi. Kweli, mstaafu anaweza kuitwa kutoa ushahidi, ila kuitwa shahidi hakumpi mamlaka ya kulikamilisha jalada aliloliacha.

Katiba hiyo hiyo inamruhusu jaji wa Mahakama Kuu kuketi hadi miaka 65, na wa Mahakama ya Juu hadi 70. Sioni kwa nini anayeupima ushahidi aaminiwe kuliko anayeuandaa.

Nyongeza ya umri basi ifungwe kwenye nafasi zilizotajwa hadharani, afya ipimwe kila mwaka, na mwenye mkataba asiwe na amri juu ya maafisa wengine, ili asizibe njia ya cheo cha mtu. Gumu zaidi ni fedha: pensheni na mshahara wa mkataba vyote hutoka Hazina, na nyumba za kambini hazitoshi hata kwa askari walio kazini. Mstaafu anayerudi alipwe posho ya kazi juu ya pensheni yake, na nyumba ya kambi aiachie.